Maziwa Hayafiki Kule

Wiki iliyopita mmoja wenu, sitamtaja jina, alinitumia ujumbe wa sauti kutoka karakana. "Shikamoo mzee. Viza yangu inaisha mwezi ujao, naenda kupigwa picha ya kifua. Ninywe maziwa siku ngapi? Wengine wanasema tatu, wengine wanasema wiki nzima."

Nilikuwa nimekaa barazani hapa Lushoto, nimestaafu miezi minne tu, nikidhani mambo ya mawe nimeyaacha Dubai. Niliusikiliza ujumbe ule mara mbili, kisha nikaona haya. Ushauri wa maziwa ulitoka kwangu. Mimi ndiye niliyeuingiza karakana ile, na kumbe mwenyewe nimeondoka, wenyewe umebaki.

Kwa hiyo naandika. Jibu ni kwamba maziwa hayasaidii kitu, si siku tatu wala wiki nzima, lakini najua nikiishia hapo hamtanisadiki, maana hata mimi nilipoambiwa sikusadiki. Acha niwasimulie tangu mwanzo.

Nilifika Dubai mwaka 2010 nikiwa na miaka arobaini na tisa, umri ambao wenzangu wengi walikuwa wanafunga mizigo kurudi. Tanga nilikuwa fundi wa sakafu za terazo, na niliposikia karakana ya mawe ya jikoni inatafuta watu nilijiona kazi naijua tayari. Siku ya kwanza msimamizi, Mr. Thomas, mtu wa Kerala mwenye sauti ya kuita meli, alinipeleka ndani. Nilidhani nimeingia mahali penye wazee watupu. Nywele nyeupe, nyusi nyeupe, kope nyeupe. Mchana walipotoka kula wakanawa nyuso, nikaona ni vijana. Nilicheka sana. Miaka baadaye nilikikumbuka kicheko kile na sikukipenda.

Kwa wageni wa kazi hii nieleze kidogo. Bamba zima la jiwe linakatwa na mashine kubwa inayomwaga maji, na hapo hakuna vumbi la maana. Balaa iko kwenye kazi ya mkono: tundu la sinki, kona, kingo zinazotakiwa ziwe laini kama sabuni. Hizo tulizifanya kwa grinda ya umeme, kavukavu. Maji yanafuta alama ya penseli, yanalowesha sakafu, na umeme na maji havijawahi kupatana. Zaidi ya yote, kavu ni haraka, na kila jikoni pale Dubai lilikuwa linatakiwa jana.

Kwenye kona ya mwisho, karibu na mlango, alikuwapo mtu mmoja tu ambaye nywele zake zilikuwa na rangi yake. Alikuwa Mkisii kutoka Kenya, Mzee Onchiri, amezaliwa kwenye vilima ambako watu wanachonga mawe tangu utotoni. Alitumia grinda ya upepo, ile inayozungushwa na kompresa, dhaifu na kuukuu, ambayo hakuna mtu aliyegombania naye. Juu yake alifunga mpira mwembamba wa maji kwa waya, maji yakichuruzika pale pale diski inapogusa jiwe. Chini yake palikuwa na tope badala ya vumbi. Alikuwa mwepesi wa mikono lakini mzito wa kumaliza, na Mr. Thomas alimpigia kelele kila siku.

Ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kusikiliza diski, kwa sababu diski ikianza kulia jiwe liko karibu kupasuka. Alinifundisha kuanza tundu la sinki kwenye pembe nne kwanza. Hayo yote niliyachukua. Mpira wa maji nikamwachia mwenyewe. Baada ya mwaka nilikuwa namaliza matundu matatu yeye akiwa kwenye la pili, na Mr. Thomas akanibatiza jina la Mashine. Nililipenda, sitadanganya.

Sasa maziwa. Kwetu Tanga, watu wa tanuri za chokaa walikuwa wanakunywa maziwa jioni, wanasema yanashusha vumbi. Sikuwahi kuwauliza yanalishusha kwenda wapi. Nami Dubai nikaendeleza. Jioni tulikuwa na desturi ya kupulizana nguo kwa mpira wa kompresa, mmoja anageuka huku na huku mwenzake anampuliza, karakana nzima inajaa ukungu mweupe na sisi katikati tunacheka. Tukitoka hapo tunapitia duka dogo karibu na nyumba yetu Al Baraha, kila mtu na chupa yake ya labani, yale maziwa mgando ya kunywa ya kule. Viza yangu ya kwanza ilipokaribia kuisha, nilikunywa maziwa siku tatu mfululizo, nikapigwa picha ya kifua, nikaambiwa niko fiti. Miaka miwili baadaye hivyo hivyo. Ushahidi gani tena? Nikawa natangaza kama muuza dawa sokoni. Watu wakaniita Baba Maziwa, na Mr. Thomas mwenyewe akaanza kuleta katoni ya labani kila alasiri. Alifurahi kweli. Alidhani ametutunza.

Onchiri peke yake hakunywa. Siku moja nilimsogezea chupa, akairudisha.

"Athumani," akasema, "maziwa inaenda tumbo. Hii vumbi haiendi tumbo. Sasa hizo mbili zitakutana wapi?"

"Mzee, mbona mimi picha yangu safi?"

"Hao watu wa viza wanatafuta TB. Hawakutafuti wewe." Akapangusa mikono. "Kwetu wamama wanasugua jiwe ndani ya karai ya maji. Unafikiri ni upumbavu? Kaka yangu alikuwa anachonga kavu ndiyo amalize haraka. Alimaliza haraka."

Nilimwambia jiwe la Kisii ni laini, haya ya huku ni mengine. Hapo nilisema kweli, ila sikujua kweli yenyewe inaelekea wapi. Mawe haya ya huku ni mabaya zaidi.

Mwaka 2013 nilimleta shemeji yangu Rashidi, mdogo wake mke wangu Zaina. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, ana kifua cha ng'ombe wa kulimia, na Ijumaa alikuwa anacheza winga kwenye kiwanja cha wazi nyuma ya nyumba yetu, hakamatiki. Nilimwombea nafasi mwenyewe. Alipangiwa kung'arisha kingo, kutwa nzima ameinamia grinda, pua iko shibiri mbili kutoka kwenye diski. Na wakati huo wateja walikuwa wameacha marumaru wakataka mawe ya kutengenezwa kiwandani, yale ya kwatzi, ambayo ni mchanga mgumu uliosagwa na kugandishwa kwa gundi. Vumbi lake jembamba kama unga wa muhogo, na linaelea hewani muda mrefu hata baada ya mashine kuzimwa. Mimi nilikuwa nimeanza kutumwa majumbani kupima na kufunga, kwa hiyo sehemu kubwa ya siku sikuwapo ndani. Rashidi alikuwapo.

Mwaka uliofuata Onchiri alimaliza mkataba akarudi kwao. Siku ya kuondoka alinikabidhi ile grinda ya upepo, imefungwa kwenye kitambaa pamoja na mpira wake wa maji na waya wake. "Nakuachia shamba," akasema. Nikamshukuru, nikaitia kabatini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi guu lililokuwa hatarini halikuwa langu.

Dalili ya kwanza niliiona kwenye mpira wa Ijumaa na sikuitambua. Rashidi alihama winga akawa kiungo, halafu beki, halafu mwaka 2016 akawa kipa. Tulimtania kwamba ndoa imemzeesha. Ya pili niliiona kwenye ngazi. Tulikaa ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa inafanya kazi ikipenda yenyewe. Jioni moja tulipanda pamoja, nikafika mlangoni, nikageuka, simwoni. Nikashuka. Nilimkuta kwenye kituo cha ngazi ya pili, ameshika ukuta, anajifanya anasoma simu.

"Simu haina chaji, shemeji," nikamwambia, maana kioo kilikuwa cheusi.

"Joto," akasema. Akavuta pumzi. "Joto la mwaka huu."

Ulikuwa mwezi wa Januari, watu wamevaa makoti.

Viza yake ilikuwa inakaribia kuisha. Nikafanya nilichokijua. Nilishuka sokoni Al Ras nikanunua habasoda na asali, nikanunua maziwa ya wiki nzima, nikamsimamia kama mgonjwa wa nyumbani, asubuhi na jioni. Alikunywa bila kunung'unika. Aliniamini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Akaenda kupigwa picha. Siku ya tatu wakampigia simu arudi, kuna kivuli kifuani.

Hapo hofu ikatuingia. Sote tulijua habari za watu walioitwa tena, au tulidhani tunajua: kwamba ni TB, kwamba ni tiketi ya kurudi, khalas, mwisho. Rashidi alikaa kitandani akasema bora aondoke mwenyewe kabla hajaondolewa, atakata tiketi kimya kimya, nyumbani atasema mkataba umeisha. Nami, Mungu anisamehe, niliona ni mpango mzuri. Nilichoogopa ni macho ya Zaina zaidi ya kifua cha mdogo wake. Lakini Zaina alipiga simu usiku ule ule, akasikia sauti ya mdogo wake inakatika katikati ya salamu, akataka nipewe simu.

"Baba Mwanaidi," akasema, "mlipoondoka hapa alikuwa mzima."

"Ni mafua tu."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nendeni kwa daktari. Wote wawili."

Tulikwenda. Nilimfuata kama mkalimani, kwa Kiarabu changu cha madrasa nilichokichanganya na cha mjengoni. Makohozi yalipimwa, ikasemwa si TB. Tukashangilia. Lakini badala ya kutupa karatasi tuondoke, walitupeleka kwa daktari wa vifua, mama mmoja Msudani, mpole, mwenye miwani aliyoining'iniza shingoni. Aliivaa, akaitazama picha kwanza, akamtazama Rashidi, kisha akauliza swali ambalo kwa miaka yote ya viza hakuna aliyewahi kutuuliza.

"Unafanya kazi gani?"

Nikamweleza. Akataka kujua kila kitu. Jiwe gani? Kwa maji au kavu? Mnafagiaje? Nguo mnasafishaje? Nilipofika kwenye kupulizana na kompresa alivua miwani akaiweka mezani. Akasema mawe yale yana kitu kinaitwa silika, na yale ya kiwandani yamejaa hicho. Vumbi tunaloliona kwenye nyusi si tatizo kubwa, hilo linaishia puani na kooni. Baya ni lile tusiloliona, linashuka mpaka chini kabisa ya mapafu, linakaa huko, na pafu linajikunja kulizunguka na kuweka kovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Kovu likishakuwapo halifutiki, na pafu lenye makovu hayo hata TB yenyewe hulipata kwa urahisi.

Nikaona niseme. "Daktari, sisi tunakunywa maziwa. Mimi ndiye ninayewapa."

Hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. "Maziwa ni chakula kizuri," akasema. "Lakini hayafiki kule."

Nilimsikia Onchiri ndani ya sauti ile, na kiti nilichokalia kikaanza kuniwasha. Rashidi akanivuta mkono. "Shemeji, anasemaje? Nakufa?"

Nikamuuliza daktari hivyo hivyo, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kupamba. Akasema makovu bado ni machache. Akaonya kwamba hawezi kuahidi, wengine ugonjwa huendelea hata wakishaacha kazi. Ila akiliacha vumbi leo hii, si mwezi ujao, ana nafasi nzuri ya kuishi nao bila kumzidi. Na viza haina shida, ataandika barua. Nilipomfasiria Rashidi, alijifunika uso kwa mikono miwili, nikadhani analia. Alikuwa analia na kucheka. Nami machozi yalinitoka mbele ya mama wa watu.

"Na wewe?" daktari akaniuliza. "Miaka mingapi?"

Nami nikapigwa picha, ikatoka safi. Nilifurahi dakika moja, kisha nikaona aibu kufurahi. Mimi nilikuwa majumbani kwa watu nikipima jikoni, yeye ndani ya ukungu. Hiyo ndiyo siri yote ya picha yangu.

Kesho yake asubuhi nilitoa grinda ya Onchiri kabatini. Nilifunga mpira wa maji kwa waya wake mwenyewe, nikafungulia. Mr. Thomas akaja mbio.

"Athuman! Yalla, yalla, madam wa Jumeirah anataka jikoni leo!"

"Sir, kavu khalas. Mimi sikati kavu tena."

Alifungua mdomo kunipigia kelele, nikampa barua ya daktari. Aliisoma amesimama. Akaisoma tena. Grinda ilikuwa inachuruzika maji kwenye viatu vyake na hakusogea. Halafu akaniuliza kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "Athuman, hii picha wanapiga wapi? Mimi nimo humu ndani miaka kumi na saba."

Siku ile nilielewa kwamba mtu yule hakuwa adui yetu. Alikuwa mjinga mwenzetu, ila mwenye sauti.

Yeye ndiye aliyempelekea barua arbab, mwenye karakana. Arbab alikuja, akasimama mlangoni na kanzu yake nyeupe, akatazama ule weupe mwingine ulio hewani, akaamuru kazi isimame mpaka watu wote wapigwe picha. Wawili zaidi walikutwa na alama wakahamishwa. Mr. Thomas alitoka salama, na siku hiyo alileta biriani. Baada ya hapo zikaja grinda za upepo mpya, mabomba ya maji kila meza, na mashine ya kunyonya hewa inayonguruma kuliko Mr. Thomas. Mnazitumia leo mkidhani zilikuwapo siku zote. Fagio kavu zilitupwa, na mpira wa kupulizia nguo ukakatwa mbele yetu kwa kisu.

Zikaja na maski za kweli, siyo vile vitambaa tulivyofunga kama majambazi. Mtu wa usalama akatuambia mpira wa maski haukamati juu ya ndevu. Nilikuwa na ndevu ninazozipenda tangu nirudi umra, na kofia zile zenye feni, za watu wasionyoa, hazikuwa zimefika. Nilinyoa shingo upande. Zaina aliniona kwenye simu akauliza, "Nani huyu, na mume wangu yuko wapi?" Kofia zilifika baada ya siku kumi.

Rashidi alipewa ruhusa ya kuhama bila maneno mengi. Alipata kazi kwenye hoteli moja Al Garhoud, stoo ya mashuka, mahali ambapo kitu cheupe pekee ni pamba. Kila mwaka anarudi kwa yule mama kupigwa picha na kupuliza kwenye bomba la kupimia pumzi.

Kazi iliyonishinda ilikuwa kuyafuta maziwa. Niliwakusanya watu nikawaambia nilikosea. Wakaitikia kwa adabu, ndiyo mzee, kisha nikawaona dukani jioni na chupa zao. Nilikuwa nimewafundisha miaka mingi kwa furaha, nikataka kuwafundua kwa dakika kumi kwa huzuni. Haiwezekani. Mwisho nikachoka nikanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikoniletea ujumbe wa wiki iliyopita.

Basi, kijana wangu, kunywa maziwa ukiwa na njaa. Kifua chako kilinde kabla ya vumbi kuingia, maana baada ya hapo hakuna wa kulitoa. Mpira wa maji ukiziba, simamisha kazi uuzibue, hata madam awe amesimama nyuma yako. Nguo za kazi ziache kazini. Na ukiambiwa uko fiti kwa viza, ujue umeambiwa huna TB, basi. Ukianza kukohoa au kushindwa ngazi, nenda kwa daktari, na kabla hajakuuliza, mwambie unakata mawe.

Juzi Rashidi alikuja likizo. Kutoka barabarani mpaka kwangu ni mlima mkali, hata mbuzi wa jirani huupanda kwa kujiuliza. Alipiga simu kwamba ameshashuka garini, nami nikazima redio nikakaa barazani kusikiliza. Nilimsikia tangu kwenye kona ya chini. Alikuwa anazungumza na jirani yangu habari za mpira, anapanda polepole na kuzungumza, sentensi nzima nzima, bila kukata katikati. Sijawahi kufurahia maneno ya mpira kiasi kile.

"Shikamoo shemeji. Mbona redio umezima?"

"Marahaba. Nilikuwa nakusikiliza wewe."

Akaelewa. Akachomoa bahasha kwenye begi, karatasi ya mwaka huu, akanipa. Hakuna kilichoongezeka, kama mwaka jana, kama mwaka juzi. Nilimchezea ule ujumbe wa sauti. Akausikiliza, akatikisa kichwa.

"Umemjibu?"

"Naandika."

Akakaa. Akakohoa mara moja. Nikasubiri ya pili, nimeshika ukingo wa kiti. Haikuja.

Zaina akatoka ndani na bilauri mbili za maziwa, ya ng'ombe wetu, bado yana joto. Rashidi alinitazama, tukacheka mpaka Zaina akauliza kuna nini. Nikanywa yangu taratibu. Yalikuwa matamu, na ilikuwa mara ya kwanza, tangu nilipoondoka kwenda Dubai, kunywa maziwa bila kuyaomba kitu.